Nani hasa aliutunga ule mziki wa James Bond, Monty Norman au John Barry?

gitaa_la_busia

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina bendi ndogo hapa Busia upande wetu wa Uganda, tunapiga harusi, kwanjula (ile sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe), na wikendi zingine tunapata hoteli. Sasa kuna kwanjula tumeitiwa Mukono na bwana harusi anataka akiingia na watu wake tumpigie ule mziki wa James Bond, ule wa gitaa, si wimbo wa kuimbwa. Mimi nimefurahi sana maana ni mziki nimeupenda tangu utoto, kule kwenye vibanda vya video vijei alikuwa anaongea juu ya kila kitu, anatafsiri mpaka mlango ukifungwa, lakini gitaa hilo likianza na yeye ananyamaza, anaacha watu wasikie.

Shida ilianza kwenye mazoezi. Mzee wetu wa kinanda anasema hiyo kazi ni ya John Barry na hataki kusikia lingine. Mimi nina sidii ya mziki wa filamu na kwenye karatasi yake imeandikwa Monty Norman, Barry hayupo kwenye mstari wa mtunzi. Tukabishana mpaka wenye ukumbi wakaja kuzima taa. Nikaingia mtandaoni kutafuta ndo nikakuta mambo mengi, huyu anasema hivi, yule vile, hadi kesi mahakamani.

Kwa hiyo naomba wanaojua: nani alitunga? Na la pili, sisi tuko watu wachache, gitaa moja, besi, kinanda, ngoma na tarumbeta moja, je inawezekana kuupiga ukatoka na ile nguvu yake au tutaaibika mbele ya wakwe?

mdau_wa_makerere

Kaka, karatasi yako inasema kweli. Mtunzi kwa sheria ni Monty Norman, na hadithi ya pale alipoutoa huo mziki ni tamu kuliko filamu zenyewe, ngoja niieleze taratibu.

Norman alikuwa kijana wa mashariki ya London, amezaliwa 1928, alianza kama mwimbaji wa bendi kubwa kisha akageukia kutunga nyimbo za michezo ya jukwaani. Mwanzo wa miaka ya 60 alikuwa anatengeneza mchezo wa muziki kutoka kwa riwaya ya V.S. Naipaul, ile ya 1961 kuhusu Bwana Biswas, Mhindi wa Trinidad anayetafuta nyumba yake mwenyewe maisha yote. Mchezo ule haukufika jukwaani. Nyimbo zikabaki kwenye droo. Moja ilikuwa inaitwa Bad Sign, Good Sign, ni ya mtu anayelalamika kwamba alizaliwa na chafya ya mkosi, na melodi yake ina ladha ya Kihindi, ilifikiriwa kwa sitari.

Halafu prodyuza wa filamu Cubby Broccoli akamwita Norman afanye mziki wa filamu ya kwanza ya Bond, Dr. No. Wakasafiri hadi Jamaica, Norman na mkewe Diana Coupland, akatunga nyimbo za kikalipso kule, ile ya chini ya mwembe mkewe ndiye aliyeiimba badala ya Ursula Andress anayeonekana kwenye picha. Lakini utambulisho wa Bond mwenyewe ulikuwa haujapatikana. Ndipo akaenda kwenye droo, akatoa ile ya chafya, akaikatakata noti zake ziwe fupi fupi, akaiondoa kwenye sitari akaipeleka kwenye gitaa. Hapo ndo dang digi-dang dang ilipozaliwa. Mwaka 2005 Norman alirekodi ule wimbo wa zamani na maneno yake akautoa kwenye albamu, ukiusikiliza unatambua mara moja, huhitaji kusoma noti.

Na kitu kinachonigusa mimi kama mtu wa Kampala ni hiki, huyo huyo Naipaul alikuja hapa Makerere 1966 kama mwandishi mgeni. Hakukaa sana mjini, muda mwingi alikuwa Kaptagat kule Kenya anamalizia riwaya nyingine, lakini alikuwa wetu mwaka huo. Yani mzizi wa mziki wa jasusi wa Kiingereza ni familia ya Kihindi ya Trinidad iliyoandikwa na mtu aliyewahi kupanda kilima cha Makerere. Watu wengi wanafikiri ule mziki ulitokea kwenye suti na magari, hapana, umetoka kwa mtu maskini anayelilia nyumba, na mimi nikiusikia sasa siwezi kuacha kumfikiria Biswas.

dada_tarumbeta

@mdau_wa_makerere umeeleza vizuri sana ndugu yangu lakini umeishia nusu ya safari, naona utamuacha mzee wa kinanda peke yake na si haki.

Mimi napiga tarumbeta na nafundisha brasi bendi ya watoto hapa Kampala, kwa hiyo nitasema upande wangu. Ile melodi ya Norman ilipofika kwa watayarishaji waliona bado haijasimama. Ndipo wakamwita John Barry, kijana wa York, miaka 28, alikuwa na bendi yake The John Barry Seven. Hakuwa ameiona filamu. Alipewa melodi na muda mfupi, akaambiwa tengeneza kitu. Tarehe 21 Juni 1962 wakaingia studio ya CTS London, saksofoni tano, tarumbeta na tromboni na ndugu zao jumla tisa, gitaa moja la mbele, na watu wa ridhimu. Ndio hiyo rekodi unayoisikia mpaka leo, ile ile.

Sasa sikilizeni ule mziki kama mafundi, msisikilize kama watazamaji. Kuna vipande vinne hivi. Kwanza kuna ile ya chini inayozunguka, watoto wangu nawafundisha kwa solfa: mi, fa, fi, fa. Besi imekaa palepale kwenye la, haisogei, ila sauti moja katikati inapanda nusu hatua, nusu hatua tena, kisha inarudi, kama mtu anayenyata gizani. Ya pili ni gitaa, la ti-ti-ti-ti la-la-la, la do-do-do-do ti-ti-ti, hiyo ndo ya Norman na hakuna anayeweza kumnyang'anya. Ya tatu ni brasi zinapofunguka kwa kelele, na ya nne ni ule mchezo wa jazi unaoruka ruka katikati, pale ndo mtu anataka kuamka kwenye kiti. Hayo ya brasi na jazi ni mkono wa Barry mtupu. Alipokuwa jeshini, walimpeleka Saiprasi na Misri, alisoma kupanga muziki kwa barua na Bill Russo, mtu aliyekuwa anapanga kwa bendi ya Stan Kenton Marekani. Ukisikia Kenton halafu ukasikia brasi za Bond unajua mwanafunzi alikuwa anasoma kwa bidii.

Filamu ilipotoka Barry alikwenda kupanga foleni London Pavilion kama raia yeyote. Alifikiri mziki wake uko mwanzoni tu kwenye majina. Akakuta umewekwa filamu nzima, Bond akitembea uwanja wa ndege upo, akiingia hotelini upo. Malipo yake yalikuwa pauni 250 basi, jina la mtunzi likabaki kwa Norman.

Kwa hiyo jibu langu, aliyeleta mbegu ni Norman, lakini kinachowafanya watu wa Mukono wageuke shingo ni Barry. Mzee wako wa kinanda masikio yake hayajamdanganya.

prodyuza_ndeeba

Dada hapo umenigusa penyewe. Mimi niko studio Ndeeba miaka mingi, nimeona hii ya Norman na Barry ikitokea kila wiki. Msanii anakuja na melodi kwenye simu ameimba kwa mdomo, la la la, sekunde ishirini. Unakaa usiku kucha, unaweka ngoma, besi, kodi za kinanda, unambadilishia hata mwendo, asubuhi anakulipa hela ya mkupuo mmoja anaondoka. Wimbo ukiwaka mji mzima jina ni lake. Kuna mmoja, sitamtaja, wimbo wake ulipigwa kila taksi kutoka Old Taxi Park mpaka Entebbe na ile filimbi ya mwanzo ambayo kila mtu anaipiga kwa mluzi ni ya kwangu, noti kwa noti. Sijaona shilingi baada ya ile ya kwanza. Kwa hiyo nikisoma habari ya Barry naumia kabisa.

Ila nataka tuwe wakweli kuhusu ile kesi maana watu wanaichanganya. Norman hakumshtaki Barry. Mwaka 1997 gazeti la Sunday Times liliandika makala yenye kusema mtunzi wa kweli ni Barry. Norman akashtaki gazeti kwa kumchafulia jina. Kesi ikasikilizwa mahakama kuu London 2001 mbele ya baraza la wazee, Barry akaja kama shahidi upande wa gazeti, akaeleza mapatano yale ya pauni 250. Wakacheza rekodi mahakamani, wakachambua noti moja moja, na ile ya chafya ikaletwa. Baraza likamwamini Norman, akapewa fidia ya pauni 30,000.

Na mimi pamoja na uchungu wangu nasema waliamua sawa. Kwa nini? Kwa sababu swali lililokuwa mezani si nani aliyeupendezesha, ni nani aliyetunga, na Norman alikuwa na ushahidi wa wimbo wa kabla ya filamu. Barry alikubali mapatano kwa mdomo wake mwenyewe. Hapa kwetu tuna sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya 2006, inamtambua mtunzi, inamtambua anayepiga na anayerekodi kwa njia yao, na kipo chama cha UPRS cha kukusanya mirabaha. Sheria ipo. Kinachokosekana ni karatasi. Kijana anafanya biti, haandiki popote nani amefanya nini na kwa asilimia ngapi, halafu miaka kumi baadae analia redioni. Siku hizi mimi mtu hatoki studio kwangu bila kusaini, awe rafiki, awe shemeji, anasaini.

mdau_wa_makerere

@prodyuza_ndeeba pole sana kaka kwa hiyo ya filimbi. Lakini nakuuliza, je si ndo inaonyesha sheria ina shimo? Mpangilio wa Barry umezidi kuvaa melodi nguo, umeibadilisha kuwa kitu kingine. Ukipiga melodi ya Norman kwa sitari taratibu hakuna mtu wa kibanda atakayesema Bond huyo. Ukipiga mi fa fi fa peke yake, bila hata noti moja ya gitaa, kila mtu anasema Bond huyo.

prodyuza_ndeeba

Ni kweli na ndo maana nasema mpangilio unaweza kulindwa kama kazi yenyewe, bila kumgusa mwenye melodi. Lakini lazima mkubaliane kabla. Baada ya wimbo kuwaka hakuna anayegawana kwa roho safi, hiyo nimeshuhudia.

mzee_wa_bombo

Salaam vijana wangu. Nimewasoma wote na nimefurahi kuona watu wanaongea mziki kwa heshima hivi.

Mimi nilikuwa bendi ya jeshi, nilipiga saksofoni teno. Bond tuliziona Kampala kwenye Norman Cinema, lile jengo ambalo sasa ni kanisa linaloitwa Watoto Church, vijana wengi wanasali pale hawajui kama palikuwa na sinema. Nyakati hizo unavaa vizuri kwenda sinema, unachana nywele, unanunua karanga nje. Na nawaambia hivi, nusu ya watu mle ndani hawakujua Kiingereza cha kutosha kufuata mambo ya majasusi na vituo vya roketi. Mziki ndo ulikuwa unatuambia. Ukisikia gitaa tunajua sasa atatoka, hata kama wamemfungia chumbani na nyoka. Huo ndo uwezo wa mziki usio na maneno, Mnubi, Mganda, Mwacholi, Mhindi wa juu balkoni, wote tunaelewa kwa wakati mmoja.

Mjue pia tarehe. Dr. No ilifunguliwa London tarehe 5 Oktoba 1962. Bendera yetu ilipanda Kololo tarehe 9 Oktoba, siku nne baadae. Kwa hiyo mziki huo na Uganda huru ni rika moja kabisa. Mimi kila tunaposherehekea miaka ya uhuru nahesabu na ya Bond.

Kuhusu Barry, msimuonee huruma kupita kiasi. Baada ya ile ya kwanza walimpa filamu zenyewe azifanyie mziki wote, kumi na moja, kuanzia 1963 hadi 1987. Akapata Oscar tano na hakuna hata moja ya Bond. Mbili kati ya hizo ni za filamu ya simba Elsa iliyopigwa hapo Kenya, Born Free, na nyingine ni Out of Africa, hiyo pia ya Kenya. Afrika Mashariki imempa huyu mtu heshima zaidi kuliko jasusi. Norman naye alikula mirabaha ya kazi moja maisha yake yote, akafariki 2022 akiwa na miaka 94. Barry alitangulia 2011. Kila mmoja alipata fungu lake, ila hawakupatana, na hilo ndo mimi linaniuma kuliko pesa. Watu wawili wametengeneza kitu kizuri namna ile kwa pamoja halafu wanakaa miaka arobaini hawawezi kukifurahia pamoja.

wanale_boy

Mzee wangu heshima yako, hiyo ya 5 na 9 Oktoba sikuijua, nimeipeleka kwenye grupu la familia tayari.

Naongeza moja ya kwetu Mbale maana nikisikia Bond lazima niseme. Casino Royale ya 2006, ile ya kwanza ya Daniel Craig, mwanzoni inaandikwa kabisa kwenye skrini Mbale, Uganda. Kambi ya waasi, mvua, yule mwenye jicho la damu anakuja kupokea pesa. Tuliingia kibanda kizima tukapiga kelele. Halafu tukatazama, hamna Wanale, hamna yale maporomoko yanayoshuka kwenye mwamba, miti yenyewe si ya kwetu. Baadae nikasoma walipiga picha Black Park, Uingereza. Mtu yeyote aliyezaliwa chini ya Mlima Masaba angewaambia bure. Najua ni sinema, lakini mji wangu kutajwa mara moja duniani na uwe kambi ya wauaji, hapana, hilo sijalikubali mpaka leo.

Lakini kwa upande wa mziki ile filamu ni darasa, na ndo sababu naandika. Aliyefanya mziki ni David Arnold, alishafanya tatu kabla yake. Hapo kijana Bond bado ni mgeni wa kazi, hajawa yule tunayemjua, kwa hiyo Arnold akaamua kumnyima mziki wake. Filamu nzima unasikia vipande tu, besi kidogo hapa, noti mbili pale, na badala yake anatumia melodi ya wimbo wa mwanzo wa Chris Cornell. Unakaa na njaa zaidi ya masaa mawili. Mpaka mwisho kabisa, yule bwana amepigwa risasi ya mguu anatambaa kwenye ngazi za nyumba yake, Bond anatokea na bunduki ndefu, anataja jina lake, na ndipo gitaa linaingia zima zima, majina yanaanza kupita. Nilisikia baridi mgongoni. Watu hawakutoka kibandani, walikaa kusikiliza mpaka mwenye kibanda akatoa diski.

Hiyo inawezekana tu kwa mziki ambao dunia nzima inausubiri. Miaka 44 baada ya kurekodiwa mtu anaufanya kuwa zawadi ya mwisho wa filamu. Sijui mziki mwingine wa sinema unaoweza kubeba hivyo.

nyuzi_sita_arua

Mmesahau mtu mmoja jamani na mimi kama mpiga gitaa siwezi kulala. Mmeongea Norman, mmeongea Barry. Mikono iliyolipiga lile gitaa ni ya Vic Flick.

Flick alikuwa mpiga gitaa wa The John Barry Seven. Siku ile ya Juni alikuja na gitaa la Clifford Essex Paragon, la Kiingereza, lililotengenezwa 1939, la mwili mtupu lenye matundu ya herufi f kama violini, si gitaa la umeme la kisasa. Akaliwekea kinasa sauti cha DeArmond karibu na daraja, na chini yake akapachika pakiti ya sigara iliyokunjwa ili kisogee karibu na nyuzi. Ndo maana sauti ile ina makali namna ile, chuma chuma. Alitumia pleka ngumu, akapiga kwa nguvu, na akaenda mbele kidogo ya ridhimu, yani hasubiri, anavuta bendi yote nyuma yake. Alilipwa malipo ya siku moja ya studio kama fundi mwingine yeyote. Hakuna mirabaha. Amefariki Novemba 2024, miaka 87.

@prodyuza_ndeeba wewe unalilia Barry, mimi namlilia Flick. Norman alipata jina na pesa, Barry alipata kazi kumi na moja. Flick alipata siku moja. Na bado ukiwaambia watu milioni wakuigie mziki wa Bond kwa mdomo hawaigi noti, wanaiga sauti ya gitaa la Flick.

Sasa @gitaa_la_busia nije kwenye swali lako la pili maana naona wote wamekimbilia mahakamani. Inawezekana kabisa na watu watano. Fanya hivi. Kinanda kichukue ile mi fa fi fa, aiweke sauti ya brasi au ya nyuzi, mkono wa kushoto ushike E. Kama kinanda kina kazi nyingine, unaweza kuifanya wewe mwenyewe mwanzoni, shika E maina, halafu kwenye uzi wa A tembea freti ya 2, 3, 4, 3. Rudia. Besi ikae E isihangaike.

Melodi ipige kwenye uzi mnene wa chini, wazi halafu freti ya 2, wazi halafu freti ya 3, usiende nyuzi nyembamba kutafuta uzuri, uzito wote uko chini. Piga karibu na daraja, zima kiganja kidogo, ongeza trebo kwenye spika na mtetemo kidogo kama unao. Usiweke distoshoni kabisa, vijana wengi wanaiharibu hapo.

Ya mwisho kabisa, ile kodi ya gitaa inayoachwa ikining'inia, ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba: wazi, freti 2, freti 1, wazi, wazi, freti 2. Ina D shapu na F shapu ndani ya E maina, ndo inakufanya usikie kuna kitu hakijaisha. Ipige mara moja, taratibu, uzi kwa uzi, halafu acha. Mpiga ngoma asiguse kitu hapo, mwambie kabisa kabla.

gitaa_la_busia

Aisee mbarikiwe. Nimemsomea mzee wa kinanda yote kuanzia mwanzo, ametulia, anasema sawa Norman ametunga lakini yeye atapiga ya Barry. Hiyo kodi ya mwisho nimeijaribu sasa hivi ndani ya nyumba, imetoka kabisa, mke amekuja kuangalia ni redio au ni mimi.

Limebaki moja, tarumbeta. Kijana wetu wa tarumbeta ni mzuri lakini amezoea nyimbo za kanisa, F na B flati, tukianza E maina anapotea. Nimwambie ashushe au sisi tubadilishe ki?

dada_tarumbeta

Msibadilishe ki hata kidogo, gitaa likitoka kwenye ule uzi wazi wa chini mmepoteza kila kitu alichosema ndugu wa Arua. Kijana ndo ajifunze. Tarumbeta lake ni la B flati, kwa hiyo E maina yenu kwake ni F shapu maina, shapu tatu. Si nyingi. Mpe skeli hiyo kila asubuhi kabla ya kitu kingine, polepole, kwa wiki mbili vidole vitakuwa vimezoea.

Na asijaribu kubeba kazi ya brasi tisa peke yake atapasuka midomo. Aache kabisa sehemu ya gitaa, asiguse. Aingie kwenye kile kipande cha kelele, noti ndefu zenye meno, na kwenye jazi katikati apige melodi tu, kinanda kimjazie sauti mbili chini yake. Kama hajui kuswingi, mwambie asikilize rekodi ya 1962 yenyewe, asisikilize za kisasa, kule midomo ya watu inasikika vizuri. Mimi nina sehemu za tarumbeta nimeziandika kwa solfa na kwa noti kwa ajili ya watoto wangu, ni kurasa mbili, niandikie inboksi nikutumie leo jioni nikitoka mazoezini.